Likizo ya dada wa kazi: kwa mkupuo, kwa vipande, au kuinunua?

Ikifika wiki ya pili ya Desemba, magrupu ya kina mama wa Sakina, Njiro na Kijenge, hapa Arusha, hujaa ujumbe wa aina moja: "Jamani, nani ana dada wa kushikilia mwezi mmoja tu? Wangu anaenda kwao." Moshi ndiyo usiseme. Ndugu wa Dar wanapanda wote kwa pamoja, nyumba ya watu watano inalaza kumi na saba, mbuzi anachinjwa nyuma ya jiko, na mtu pekee anayejua sufuria kubwa iko wapi ndiye huyohuyo anayeomba ruhusa.

Nina miaka 9 ya kuajiri dada wa kulala ndani, hapa Sakina, na Krismasi zangu huwa Kibosho kwa wakwe. Kwa muda huo nimepita njia zote tatu ninazolinganisha hapa: kumpa dada likizo yote kwa mkupuo, kumgawia vipande, na kuinunua likizo ili abaki kazini. Moja niliipita vibaya, nitasema nikifika hapo.

Kwanza, haki yenyewe

Wengi wetu tumelelewa tukidhani likizo ya dada ni hisani, kama kitenge cha sikukuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimtengi aliyeajiriwa jikoni na aliyeajiriwa benki. Kwa kila mzunguko wa miezi 12 ana siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo. Hizo 28 ni za kalenda: Jumapili zimo, na sikukuu ya taifa ikiangukia humo nayo imo. Mwajiri ndiye anayepanga tarehe, ila asivuke miezi 6 tangu mzunguko uishe. Dada akiridhia na kukiwa na sababu ya kikazi inayoeleweka, inaweza kufika miezi 12. Mshahara wa likizo analipwa kabla hajaondoka. Si akirudi.

Likizo pia haichanganywi na mengine. Akiugua ana siku zake, 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Akifiwa na mzazi, mwenza, mtoto au ndugu yake wa kuzaliwa naye, ana siku 4 zenye malipo. Nimeshasikia mwajiri akimjibu dada aliyeomba likizo, "Si ulienda nyumbani mwezi wa nane?" Mwezi wa nane alienda kumzika baba yake. Likizo yake ilikuwa haijaguswa hata siku moja.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali manne yaleyale. Inakaaje na sheria? Inakutoa kiasi gani mfukoni? Dada anapata nini hasa? Na nyumba inabaki mikononi mwa nani?

Kwenye hesabu nitatumia mshahara wa shilingi 100,000 kwa mwezi, kwa sababu unagawanyika kirahisi, si kwa sababu unatosha. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha 60,000 kwa dada anayelala kwa mwajiri katika nyumba za kawaida, na 120,000 kwa anayekuja asubuhi na kuondoka jioni. Viwango hubadilika kila amri mpya inapotoka, hivyo kabla ya kuandikiana pita ofisi ya kazi uulize cha sasa.

Njia ya 1: siku 28 kwa mkupuo

Kwa upande wa sheria hapa huna cha kujieleza. Ndivyo ilivyoandikwa: 28, mfululizo.

Kwa upande wa fedha, unatoa 100,000 za dada kabla hajapanda gari, halafu unatafuta wa kushikilia. Dada wa kushikilia wa Desemba anaijua bei yake. Ukimpata anayekubali 100,000 shukuru Mungu, na hapo tayari umefika 200,000 bila nauli. Nauli muiandike mapema ni ya nani. Mimi natoa ya kwenda mkononi, ya kurudi naituma kwa simu siku mbili kabla ya tarehe. Sijui kwa nini, lakini ile ya simu inakumbusha kuliko maneno kumi.

Dada anapata likizo hasa, yaani anafika kwao, analala, anachoka kukaa, anatamani kurudi. Hapo ndipo nilipofundishwa. Dada wangu wa sasa ni Mrangi wa Kondoa. Miaka miwili ya mwanzo nilimkatia tiketi tarehe 15 Desemba bila kumuuliza, nikijiona mama mwema. Mwaka wa tatu nimemkuta anafunga shangazi kaja lake, sukari chini, sabuni za miche katikati, vitenge juu, akaniambia bila kuinua uso: "Mama, samahani, mimi Krismasi hainihusu. Ningeomba Idi, au mwezi wa sita mama anapovuna." Kwao mvua ni za msimu mmoja, kwa hiyo mahindi na alizeti vinavunwa Mei na Juni. Desemba alikuwa anakwenda kukaa kwenye nyumba ambayo ghala limepungua na kila mtu yuko shambani anapanda. Alikuwa anaipeleka likizo yake kwenye jembe.

Nyumba inabaki na mgeni kwa mwezi mzima, na hili lisichukuliwe kirahisi kama una mtoto mdogo. Wa kushikilia anahitaji siku tatu na dada mwenyewe kabla hajaondoka, aone jiko la gesi linavyogoma, mtoto anavyokataa uji, mbwa wa jirani ni yupi.

Halafu ipo ile hofu: akienda mwezi mzima, atarudi? Hapa ndipo nilipokosea. Dada wangu wa kwanza alikuwa wa Lushoto. Desemba ile nilimpa nusu ya mshahara, nikamwambia nusu nyingine inamsubiri akirudi. Niliona nimemfunga kamba. Hakurudi. Februari akaja kaka yake na barua kutoka kwao, tukakalishwa ofisi ya mtaa, nikahesabu 40,000 mezani mbele ya majirani wawili waliokuja kugongewa mihuri barua zao za utambulisho. Binti mwenyewe alikuwa ameshapata kazi Mombo, kwa mshahara mkubwa kuliko wangu. Kumbe nilichozuia ni fedha yake, yeye mwenyewe sikumzuia.

Njia hii inamfaa dada wa mbali, Singida, Kondoa, Kigoma, ambaye safari pekee inakula siku mbili kwenda na kurudi. Inaifaa pia nyumba ambayo mmoja wenu naye ana likizo ndefu.

Njia ya 2: kwa vipande

Wiki mbili katikati ya mwaka, wiki mbili mwishoni. Mjini hii ndiyo inayopendwa, na ndiyo inayoliwa na panya kuliko zote.

Kisheria ina ulegevu. Neno lililoko kwenye sheria ni "mfululizo", kwa hiyo kugawa lisiwe agizo lako. Ombi litoke kwake, liandikwe, na tarehe za vipande vyote viwili ziwe kwenye karatasi moja siku hiyohiyo. Ukiandika kipande cha kwanza na kusema "kile kingine tutaona", kile kingine hamtakiona. Najua nyumba ambayo dada hupewa siku 10 za Krismasi kila mwaka kwa miaka minne, na mwenye nyumba anaapa kwamba anampa likizo. Siku 18 kila mwaka zinaenda wapi? Mara nne ni 72.

Kwa fedha, nauli ni mara mbili, ila mara nyingi gharama ya wa kushikilia inafutika. Wiki mbili mama mkwe anaweza kuja, mdogo wako aliyefunga chuo anaweza kukaa, au wewe mwenyewe ukaomba siku 14 kazini. Kwa wengi wetu hii inashuka hadi 100,000 na nauli tu.

Dada anapata kidogo mara mbili. Kwa anayetoka Rombo, Same au Monduli, anayetoka asubuhi na kula mchana kwao, wiki mbili ni wiki mbili kweli. Kwa wa mbali, toa siku za barabarani, toa siku ya kufua na siku ya kusalimia ukoo, ubaki na nini? Lakini kuna kundi moja ambalo vipande vinalifaa sana na hatulizungumzi: dada wenye watoto. Wako wengi kuliko tunavyoambiwa, kwa sababu anapotafuta kazi hasemi ana mtoto, anaogopa kukosa. Mtoto yuko kwa bibi. Kumwona mara mbili kwa mwaka ni tofauti kubwa na kumwona mara moja, hasa mtoto mwenyewe akiwa na miaka miwili na ameanza kumwita bibi "mama".

Nyumba haitikisiki sana, na ndiyo sababu wenye watoto wachanga wanaikimbilia njia hii.

Njia ya 3: kuinunua likizo

Dada anabaki, anafanya kazi mwezi ule, analipwa.

Sheria inaruhusu, ila kwa masharti: mfanyakazi mwenyewe aridhie, na alipwe mshahara wa mwezi mmoja kwa ajili ya likizo hiyo. Huo ni nje ya mshahara wa mwezi anaoufanyia kazi. Yaani mwezi huo anapokea 200,000. Kitenge, mchele kilo 5 na "elfu thelathini ya soda" si kununua likizo, hiyo ni kuichukua.

Tazama sasa kwamba 200,000 ndiyo ileile uliyotoa kwenye njia ya kwanza ukiweka wa kushikilia. Anayechagua kununua akidhani anabana matumizi hajapiga hesabu. Unachonunua ni utulivu: mtoto anabaki na mkono anaoujua, funguo hazizunguki, hakuna wa kuelekezwa jiko.

Dada anapata fedha ya mara moja ambayo kwa mwaka mzima hapati namna nyingine. Mwaka wa nne wangu aliomba mwenyewe; alikuwa anataka bati za kumalizia nyumba ya mama yake, na alizipata. Lakini kupumzika hakupumzika, na mwili una daftari lake. Mwezi wa tatu aliunguza maharage mara tatu ndani ya wiki moja, mtu ambaye sijawahi kumwona akiunguza hata chai. Siku ya tatu nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anaangalia moshi tu. Mwaka uliofuata nilikataa kununua hata alipoomba tena, tukagawana tofauti: alienda siku 28, nami nikamkopesha alichokuwa anatafuta.

Kwenye kuridhia, tuwe wakweli. Mtu anayelala kwako na kula kwako, "hapana" yake ni nzito kutoka mdomoni. Usimuulize sebuleni mbele ya wageni, wala usiku akiwa na vyombo mkononi. Muulize siku ya kawaida, mwambie njia zote na fedha ya kila moja, mpe siku mbili tatu azungumze na kwao kwa simu. Akija na jibu lenye maswali ujue amefikiri. Akijibu papo hapo "vyovyote utakavyoona mama", hajakubali bado.

Na ofu za kila wiki?

Hili halimo kwenye zile 28, na ndiko ugomvi mwingi unakoanzia. "Jumapili zote unaenda kanisani, bado unataka na likizo?" Mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo kila wiki, na ibada ya saa mbili kabla ya kurudi kupika mchana haijawa saa 24.

Kuna njia mbili za kuzitoa. Ya kawaida ni siku moja kila wiki. Inamfaa dada mwenye marafiki na kanisa au msikiti wake hapa mjini, na nyumba inayopikiwa Jumapili na mama mwenyewe. Ya pili, mkiandikiana, ni saa 60 mfululizo kila baada ya wiki mbili. Hesabu hiyo inaangukia vizuri ajabu: kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi. Dada wa Hai au Monduli analala kwao usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Ubaya wake ni kwamba kuna wikiendi moja nzima huna mtu na nyingine dada hana pumzi. Usiku nao una sheria: kati ya kumaliza kazi na kuianza tena ni saa 12, na kwa anayelala mahali pa kazi mnaweza kuandikiana zishuke, lakini zisipungue 8. Anayefungulia geti saa 6 usiku asiamshwe saa 11 kuandaa watoto wa shule.

Akifanya kazi sikukuu ya taifa au siku yake ya mapumziko, inalipwa mara mbili. Kwa mshahara wa 100,000, siku moja ya kazi ni kama 3,850 (gawanya kwa siku 26), kwa hiyo tarehe 25, 26 na Mwaka Mpya ni 7,700 kila moja. Nimewahi kuyasema haya Kibosho mezani, shemeji yangu mmoja akaacha kutafuna.

Kwa hali yako

Kama mnaishi kwa utalii, mmoja ni mwongoza watalii na mwingine yuko lodge, Desemba na Juni hadi Oktoba hamko nyumbani hata kidogo. Likizo ya dada iwe Aprili au Mei, kwenye masika, kambi nyingi zikiwa zimefungwa na nyie mpo. Mkupuo, bila wa kushikilia. Kwa dada wa Singida au Kondoa, Mei inaelekea mavuno, hivyo nyote mmepata.

Kama wewe ni mwalimu, Juni ni yako. Shule imefungwa, watoto wako nyumbani na wewe, dada aende siku zake zote.

Kama nyumba yenu ya Moshi ndiyo ya kukutania ukoo mzima Desemba, chagueni moja mapema, mwezi wa tisa si wa kumi na mbili. Ama dada abaki, sikukuu zilipwe mara mbili na likizo yake ianze Januari wageni wakishashuka. Ama aende, na nyie wenyewe mgawane sufuria. Dada wa Lushoto au Same hapati taabu ya gari Desemba, maana anashuka wakati watu wa Dar wanapanda, na anapanda wao wakishuka. Anayepanda kutoka Dar ndiye mwenye kimbembe.

Kama una mtoto chini ya mwaka mmoja, au mzazi aliye kitandani, vipande ni salama zaidi, dada mwenyewe akiwa ndiye aliyeomba. Kwa mwaka mmoja mgumu kununua si dhambi. Ukiona ni mwaka wa pili unanunua, shida si likizo tena. Nyumba yako inahitaji watu wawili.

Kama dada ana mtoto kwa bibi na kwao si mbali, vipande pamoja na zile saa 60. Kama ni wa mbali sana, mkupuo, na muulize mwezi.

Kama bado hajafikisha miezi 6 kazini, likizo yenye malipo bado haijamfikia, ila ruhusa ya kwenda kusalimia ni ya kibinadamu na haimalizi chochote.

Na kama anaondoka moja kwa moja kabla mwaka haujatimia, siku zake za likizo hazipotei. Analipwa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Mwaka una siku za kazi 312. Gawanya kwa 13 unapata 24, weka Jumapili 4, ndizo zile 28. Aliyekaa miezi 8 amefanya kazi siku 208, ana siku 16, sawa na kama 61,500 kwenye mshahara wetu wa mfano. Mpe na karatasi, asaini, nawe ubaki na nakala. Mkishindwana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi Arusha na Moshi, madai ya aina hii yanapelekwa ndani ya siku 60, na CHODAWU, chama ambacho wafanyakazi wa majumbani nao ni wanachama wake, huwasindikiza wasiojua pa kuanzia.